Meli Iko Gatini, Mashine Inasema Bado

Aristide Kiyombo wa Kataki hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu siku ile gatini Kalemie watu walimwita majina mengi, na mengine si ya kuandikwa. Baba yake alikuwa karani wa reli, mama yake aliuza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni, na yeye mwenyewe aliangukia kwenye kompyuta kama wengine wanavyoangukia kwenye pombe, taratibu kwanza, kisha moja kwa moja. Alikuwa mpole, shati lake lilikuwa na pasi siku zote, na hakuwahi kumkatalia mtu neno. Ugonjwa wake ulikuwa hapo hapo. Ukimwambia jambo alikukazia macho, akatikisa kichwa, akasema "ndiyo, nimesikia", na kweli alikuwa amesikia. Kisha akivuka kizingiti, jambo lako lilibaki ndani ya nyumba pamoja na mwavuli wake.

Mkewe Virginie, mtu wa Pepa kule juu kwenye milima ya Marungu, alivumilia. Alimwagiza chumvi, akaja na tabasamu. Alimwambia paa linavuja, akakubali kwamba linavuja. Lakini alipokufa Mjomba Grégoire, yule aliyemshika Virginie mkono siku ya ndoa yao, uvumilivu ulikatika. Virginie alimpa habari jioni, wakati wa chakula, kwa maneno machache. Aristide aliacha kula, akasema pole, akasema ndiyo, nimesikia. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, na mkewe akakaa kwenye matanga kule Lubuye akiulizwa na kila anayeingia, "Mukwe iko wapi?" Virginie aliporudi alifunga sanduku lake, akasimama mlangoni.

"Wewe ukiambiwa ndani, ukitoka inje inakuwa kama haukuambiwa," alisema. Akapanda meli ya Moba, na kutoka Moba akapanda mlima hadi kwa mama yake.

Desturi ilimtaka Aristide amfuate na wazee wawili na maneno ya kuomba radhi. Wazee walimwambia. Akasikia. Mvua zikanyesha zikaisha, naye bado alikuwa amesikia tu, mpaka ilipoletwa habari iliyomfanya akae chini: Mama Léontine, mama mkwe wake, anamleta binti yake mwenyewe. Kwa mtu asiyejua mambo ya ukwe, hii inaweza kuonekana wema. Si wema. Ni kisima kuinuka na kumfuata mwenye kiu, na aibu yote inakwenda kwa mwenye kiu. Naye Mama Léontine alitoa sharti kupitia kwa shemeji: Aristide awepo chini ya ngazi ya meli na kuku mkononi, awapokee kwa kinywa chake. Miguu yao isipokanyaga Kalemie siku hiyo, watarudi na meli ile ile, na ndoa itakuwa imeishia majini.

Safari hii Aristide hakujiamini. Alinunua kuku mapema na kumfunga kwenye mguu wa meza yake ya kazi, ili hata akisahau, kuku asisahau.

Sasa, siku hiyo hiyo ajansi ya meli, kazini kwa Aristide, ilikuwa ikizindua mashine mpya ya kutangaza meli. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Papa Norbert, mpakuzi wa mizigo mwenye koo la tarumbeta. Meli ikionekana, alisimama juu ya jiwe na kupaza sauti, basi. Lakini mkuu wa ajansi, Papa Eugène, alikuwa na jeraha. Wakati fulani aliona chombo kinakuja, akaamini macho yake, akafungua geti, na abiria wote wa Moba wakapanda. Kumbe kilikuwa chombo cha watu wengine, kimebeba saruji. Abiria walishukia Uvira, kaskazini kabisa mwa ziwa wakati Moba iko kusini, wakiwa weupe kuanzia kichwani. Tangu hapo Papa Eugène hakuyaamini macho tena, hasa ya kwake. Alitaka kitu kisichoona, kinachosema kweli tu. Akamwagiza Aristide atengeneze.

Aristide akaandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayasoma mstari kwa mstari na kuyatii. Haikuwa ndefu. Nahodha akiwa ziwani anatuma ujumbe mfupi, na ujumbe unaangukia ndani ya faili. Skripti ina jina moja linalobeba habari, kigeu kama mafundi wanavyoita, na Aristide alikiita HALI. Mwanzo HALI ni "bado". Kisha unakuja mzunguko: soma ujumbe wa nahodha, ukikuta neno "imefika", badilisha HALI iwe "imefika". Mzunguko ukiisha, kama HALI bado ni "bado", tangaza kwamba meli haijafika, pumzika kidogo, usome tena. Ikiwa "imefika", acha kusoma na uwakaribishe watu. Mtoto wa shule angeielewa.

Sauti za kipaza sauti zilikuwa za Virginie. Alizirekodi sebuleni kabla hawajagombana, kwa sababu aliimba kwaya na sauti yake ilikuwa safi. Ya kwanza ilisema: "Ndugu wasafiri, meli ya Neema ya Marungu bado haijafika. Muwe na subira." Ya pili ilisema: "Meli imefika. Karibuni nyumbani."

Basi asubuhi ile, jua likiwa limeshapanda, Neema ya Marungu ikaingia, ikapiga honi, ikafungwa kamba gatini. Nahodha akatuma ujumbe wake. Watu wakasimama, wakachukua watoto migongoni. Kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu wasafiri," ilisema sauti ya Virginie, "meli ya Neema ya Marungu bado haijafika. Muwe na subira."

Virginie mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa meli, amevaa kitenge cha buluu, sanduku miguuni. Aliinua kichwa na kujisikiliza.

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakumjua Papa Eugène. Alikuwa amesimama mbele ya geti la ngazi, ufunguo mfukoni, mgongo wake ukiwa karibu kuigusa meli.

"Papa Eugène, fungua," nahodha alimwambia kutoka juu. "Tumefika."

"Mashine inasema bado."

"Na hii unaona hapa njo nini?" aliuliza nahodha, na njo ya Kalemie ni "ndiyo" tu.

"Sijui. Niliona kitu kama hiki siku ya saruji," alisema Papa Eugène, na hakugeuka.

Watu wa idara, wale wanaokagua karatasi na mizigo, walifurahi sana. Hawawezi kukagua meli ambayo haijafika, walisema, wakakaa kivulini na kuagiza chai. Wapokeaji wakaanza kupiga simu. "Muko wapi?" mwanamke mmoja alimuuliza mume wake, huku akimtazama. "Niko hapa," mume alijibu, huku akimpungia mkono. "Hapa wapi? Wanasema bado." Mume akawaza kidogo, akasema labda wako karibu. Kuna kijana mmoja aliyechoka na upuuzi huo, akateremka kwa kamba. Papa Eugène alimshika mkono kwa upole, akamweleza kwamba amefika kabla ya meli yake, jambo ambalo halina utaratibu, akampeleka kukaa ukumbini na wale wanaosubiri abiria. Akakaa katikati ya dada zake waliokuja kumpokea, wote wanne wakitazama mlango.

Ndani ya biro, yaani ofisi ya ajansi, Aristide alishasimama. Alimfungua kuku, akasogea dirishani, na hapo akaona kitenge cha buluu, na kando yake ncha ya kilemba. Mama Léontine alikuwa amesimama kwenye meli, uso kwa uso na dirisha la biro.

Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Kwa watu wa Marungu hili si la kujadili: hamtazamani, hamli pamoja, na neno linalotoka kwako kwenda kwake linabebwa na mtu mwingine. Aristide aligeuka haraka mpaka kuku akalia. Akaivuta meza, akaigeuza ili mgongo wake uwe dirishani, akatundika koti lake juu ya kiti kwa usalama zaidi. Kuanzia hapo, katika Kalemie nzima, mtu pekee asiyeweza kuiona ile meli alikuwa ndiye anayetakiwa kuifikisha.

Alijaribu njia ya mkato kwanza, simlaumu. Aliizima skripti.

"Imenyamaza," alisema Papa Eugène, kichwa kimeingia mlangoni. "Kunyamaza si kufika."

"Papa, naweza kuiandikia mwenyewe kwamba imefika."

"Hapana. Ukiiambia, njo wewe umefika, si meli. Iseme yenyewe."

Basi ikabidi kutafuta kosa. Aristide alifanya anachofanya fundi yeyote: aliipa skripti amri ya kusema HALI ni nini kila inapopiga hatua, ili aone habari inapotelea wapi. Aliiendesha. Ndani ya mzunguko, skripti ilisoma ujumbe wa nahodha na kuandika kwenye kioo: imefika. Aristide alivuta pumzi. Mstari uliofuata, nje ya mzunguko, iliandika: bado. Na sauti ya mkewe ikapaa tena juu ya gati kuomba subira.

Akaiendesha tena. Ndani, imefika. Nje, bado. Hakuna aliyeigusa HALI kati ya pale na pale. Hapakuwa hata na nafasi ya kuigusa, ilikuwa mistari miwili imefuatana. Aristide akaanza kuwa na mashaka na kila kitu. Alihesabu alama za kufungia maneno. Akafikiri labda kuna herufi isiyoonekana imejificha mwisho wa neno la nahodha, akaisaka, hakuikuta. Alibadilisha jina la kigeu kutoka HALI kuwa HALI_YA_MELI, kama wazazi wanaombadilishia jina mtoto asiyepona. Mtoto hakupona, akarudishiwa jina la zamani. Umeme unaotoka kwenye bwawa la Bendera ukapepesa, kompyuta ikazimika na kuwaka, na mashine mpya kabisa, akili imepumzika, ikasema meli bado.

Huko nje mambo yalikuwa yamekomaa. Mwanamke mmoja alipata wasiwasi wa kweli: meli ikichelewa hivi, huwa kuna jambo. Akaanza kulia. Wenzake wa kikundi cha maombi wakamzunguka, wakashikana mikono, wakaanza kuiombea Neema ya Marungu ifike salama. Wimbo ulikuwa unajulikana. Abiria kwenye meli wakaupokea, wakainua mikono, wakajiombea wao wenyewe wafike salama, wengine kwa machozi. Nahodha, Mkatoliki, alivua kofia.

Mama Léontine peke yake hakuimba. Alikuwa na njaa. Wauza mihogo walikuwa wameshaanza kurusha chakula melini, na mtu akampa kipande cha moto, na Virginie akamsihi ale. Akakataa. Mukwe iko pale dirishani, alisema, siwezi kukula mbele yake. Virginie akamwambia mbona amegeuka, ni mgongo tu. "Mugongo ya mukwe njo mukwe," alisema Mama Léontine, akarudisha muhogo.

Habari hii aliileta Papa Norbert, ambaye tangu mashine imchukulie kazi alikuwa akizunguka bila shughuli na kwa furaha isiyofichika. Alileta na nyingine mbaya zaidi. Nahodha ana mizigo inamsubiri Moba, na upepo wa alasiri hautaki mchezo.

"Anasema kama meli haiyafika, basi iko njiani," alisema Papa Norbert. "Na meli yenye iko njiani inaweza kugeuka. Upepo ukianza, anageuka nayo. Na watu wote ndani."

Aristide aliona waziwazi, na mgongo wake ukiwa dirishani, kitenge cha buluu kikiwa kidogo, kidogo zaidi, kisha hakuna. Hakuwa na mtu wa kumlaumu. Alimpenda yule mwanamke, na kuku alikuwa hapa, na maneno yote ya kuomba radhi alikuwa nayo kifuani tangu mvua hazijaanza, yamepangwa vizuri.

"Papa Norbert, nakuomba," alisema. "Nenda kwa Mama, simama chini ya meli, umuambie nipo, natengeneza. Usikie atasema nini."

Papa Norbert akaenda. Aristide akarudi kwenye kioo. Ndani, imefika. Nje, bado. Alisubiri. Kipaza sauti kikarudia, kikarudia tena. Hatimaye alichungulia kupitia mlango wa pembeni, upande usioonyesha meli, na akamwona Papa Norbert amekaa juu ya gunia, anakula muhogo, pengine ule ule wa Mama Léontine.

"Papa Norbert. Mama alisema nini?"

"Ah, alisema."

"Alisema nini?"

"Alisema maneno mazuri sana."

"Na mbona haukurudi kuniambia?"

Papa Norbert alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeonewa. "Uliniambia niende nisikie. Nilienda, nilisikia. Kurudi haukuniambia."

Mjumbe hauawi, na ni bahati ya Papa Norbert. Aristide alisimama pale mlangoni, mkono juu ya fremu. Sauti ya mkewe ilipita juu yao ikiomba subira. Nyuma ya sauti hiyo alisikia nyingine, ya mlangoni kwao Kataki, ya mtu aliyeshika sanduku: ukiambiwa ndani, ukitoka inje inakuwa kama haukuambiwa.

"Nilimutuma muntu," alisema polepole.

Alirudi mbio, kuku akaruka pembeni. Aliisogelea skripti mpaka pua ikakaribia kioo, na pale akaiona. Mzunguko wenyewe haukuisoma faili ya nahodha. Yeye Aristide, kwa mazoea, alikuwa ameandika amri ya kuifungua faili, kisha kimstari cha wima, kile ambacho mafundi wanakiita bomba, kinachomimina maneno kutoka amri moja kwenda nyingine, kisha ndiyo mzunguko. Na kompyuta ikiona bomba inazaa mtoto. Mtoto huyo anapewa nakala ya kila kitu cha mzazi, pamoja na HALI, anaingia ndani ya mzunguko, anasoma ujumbe, anasikia kwamba meli imefika, anabadilisha HALI yake iwe "imefika" kwa moyo mweupe kabisa. Kisha mzunguko unaisha, na mtoto anakufa nao, na alichokijua anakufa nacho. Mzazi huku nje ana HALI yake ile ile ya mwanzo. Hakuna aliyedanganya. Aliyetumwa kusikia alisikia, ila hakuna aliyerudi kusema.

Dawa yake ilikuwa fupi mpaka inatia hasira. Aliondoa bomba. Mwishoni mwa mzunguko akaweka alama ya kuchota faili moja kwa moja, ili mzunguko usome ujumbe wenyewe, ndani ya nyumba ya mzazi, bila kutuma mtu. Kule nje injini ya meli ilinguruma, na mtu akapiga kelele kwamba nahodha anafungua kamba.

Aristide akaiendesha. Ndani, imefika. Nje, imefika.

"Meli imefika," ilisema sauti ya Virginie juu ya ziwa lote. "Karibuni nyumbani."

Papa Eugène akageuka. Ninaapa, uso wake ulikuwa wa mtu anayeiona meli kwa mara ya kwanza. "Ah," alisema, "kumbe njo hii," akatoa ufunguo. Ngazi ikashuka. Kikundi cha maombi kikapiga vigelegele kwa kujibiwa, na yule mwanamke aliyekuwa akilia akamkumbatia mume wake na kumwambia walidhani amezama. Kijana wa ukumbini aliruhusiwa kujipokea. Watu wa idara walimaliza chai yao bila haraka.

Mama Léontine alishuka wa mwisho, Virginie nyuma yake. Alisimama kwenye ngazi ya chini kabisa na hakukanyaga ardhi. Mbele yake alikuwa Aristide, kuku mikononi, uso ameugeuzia ziwa.

Hapo ilitakiwa mtu wa kubeba maneno. Papa Norbert alishajifuta mdomo, akasogea, tayari. Watu wakanyamaza ili wasikie. Aristide alimtazama Papa Norbert, akatazama kuku, na akafanya jambo ambalo wazee wa Kataki wanabishana nalo mpaka leo kama linaruhusiwa au haliruhusiwi.

"Wewe kuku," alisema.

Watu wakacheka. Hakuacha.

"Wewe kuku, Mama iko hapa, na mimi siwezi kumuangalia. Nasema na wewe, sababu wewe hauna fasi ya kuenda kupotelea. Usikie." Alimshika vizuri zaidi. "Ile siku nilikuwa nakula. Virginie alisimama kwa mulango. Alisema Mjomba Grégoire amekufa. Alisema tunamuzika kesho, kule Lubuye. Nilisema ndiyo."

Virginie alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na alisema neno ingine," alisema Aristide. "Alisema, sitaki kuingia pale peke yangu. Nilisikia, kuku. Sikusahau hata siku moja. Ilikuwa ndani yangu, na sikuitoa, na aliingia peke yake."

Hakuna aliyecheka tena. Hata kuku alikuwa ametulia. Nahodha alitazama upepo. Kisha Mama Léontine naye alimgeukia kuku.

"Kuku," alisema, "uulize huyu mutoto kama leo neno imetoka inje."

"Imetoka, kuku," alisema Aristide kwa ziwa.

"Basi umuambie abakie vile vile, asigeuke. Niko na njaa." Akanyoosha mkono, Papa Norbert akampa muhogo kwa haraka ya mtu mwenye deni, na Mama Léontine akakanyaga ardhi ya Kalemie na kuuma, nyuma ya mkwe wake. Virginie alimtazama kwa jicho la kuuliza. "Leo mugongo ni mugongo tu," alisema mama yake akitafuna.

Virginie akamchukua kuku. Aristide akabeba sanduku. Walikuwa wamepita soko dogo la gatini, Mama Léontine akiwa mbele sana ili wasitazamane na mkwe, wakati Neema ya Marungu ilipopiga honi na kuondoka zake kwenda Moba. Nyuma yao kipaza sauti kilikohoa.

"Meli imefika. Karibuni nyumbani."

Aristide alisimama. Kulikuwa na mzunguko wa pili kwenye ile skripti, wa kukaribisha watu mpaka nahodha atume neno "imeondoka", na Aristide alikumbuka vizuri jinsi alivyouandika. Aliuandika kwa bomba.

Papa Eugène alikuja akikimbia, ufunguo mkononi. Mashine inasema meli iko, alisema akihema, naye amefungua geti, na abiria wa Moba wamepanga mstari mbele ya maji, na wa mbele anauliza akanyage wapi. Aristide arudi sasa hivi. Ni kazi ndogo tu.

Virginie alikuwa akimpangusa kuku manyoya, hamtazami mtu.

"Ndiyo, Papa," alisema Aristide. "Nimesikia."

Akahamisha sanduku bega la pili, wakaendelea na njia ya Kataki.